Alama ya Mama Mapokezi

Ofisini kwetu Bweri kuna msemo. Kijana akipandisha kazi bila kuikagua, mwenzake humwambia, "Hii imepita kwa Mama," na chumba kizima hucheka. Wengi wanaousema hawakuwahi kumwona huyo Mama. Wanachojua ni kwamba zamani alikuwepo mwanamke wa mapokezi aliyepewa jukumu la kukagua mfumo, akaweka alama yake kwenye kazi mbovu, na ununuzi wa pamba ukasimama Bunda. Mimi ninayejua yaliyotokea hucheka pamoja nao. Nimecheka hivyo miaka minne, na kila mara kicheko hunikwama kooni kama mwiba wa samaki furu.

Nataka kumweleza alivyokuwa, kwa sababu jina baya alilo nalo pale ofisini nililipaka mimi. Sitaanza na kuzaliwa kwake wala ukoo wake. Mambo hayo hakupenda kuulizwa, na aliyemuuliza umri aliulizwa naye ana madeni mangapi. Jina lake nitaliacha pia. Tulimwita Mama Mapokezi, na hata kwenye simu yangu ameandikwa hivyo mpaka leo.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa mpokeaji wa maziwa kwenye kituo kimoja cha kukusanyia, upande wa Butiama. Wafugaji walileta madumu asubuhi na jioni, wengine kwa baiskeli, wengine kwa pikipiki, wengine kichwani. Yeye alifungua kifuniko, akanusa, akachota kidogo na kutumbukiza kipimo cha kuonyesha kama maziwa yametiwa maji. Halafu alichanganya matone machache na spiriti kwenye kichupa. Yakiganda, dumu hilo halikumiminwa kwenye tenki. Tenki lilikuwa moja, la wote, na dumu moja bovu lingeharibu maziwa ya kijiji kizima.

Nilimwona kwa mara ya kwanza nilipokwenda kufunga programu yetu ya kuandikia maziwa pale kituoni. Kilichonishangaza ni namna yake ya kukataa. Hakusema mbele ya foleni kwamba maziwa ya fulani yameharibika. Alichukua kifuniko, akakigeuza juu chini, akakiweka juu ya dumu, kisha akaendelea na dumu lililofuata. Mwenyewe aliona, akangoja watu wapungue, akalichukua na kuondoka. Hakuna aliyemcheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika lilikuwa la nani. Baadaye nikamuuliza kwa nini hasemi.

"Dumu ndio imeharibika," akanijibu. "Mtu bado mzima. Nikimtangaza leo, kesho atakuja na dumu ya jirani."

Wakati huo kampuni yetu ilikuwa watu watatu na chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule, mjini Musoma. Wenzangu wawili walikuwa wamesoma vyuo vya maana. Mimi nilitoka Bunda, kwa wazazi wakulima wa pamba, na kompyuta nilijifunza kwa ukaidi tu. Kituo cha maziwa kilipopunguza watu, Mama alikuja na mfuko wake wa plastiki, akasimama mlangoni kwetu akitutazama, na sisi tukaendelea kubonyeza vitufe bila kuinua vichwa. Alipochoka kungoja akasema, "Nyinyi mna wageni na hamna mtu wa kuwapokea. Mgeni anasimama hapa kama mbuzi amepotea." Tukamwajiri siku hiyohiyo, nadhani kwa aibu.

Alipokea wageni vizuri mno. Mteja aliyekuja amekasirika alikalishwa, akaulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, na alipofika kwetu alikuwa ameshasahau nusu ya hasira zake. Chai aliipika yeye, na maziwa aliyanunua yeye kwa mtu wake wa Bweri, baada ya kuyanusa. Maziwa ya pakiti aliyaita maji yaliyooshewa maziwa.

Sasa nieleze jinsi mama wa chai alivyokuja kuwa mkaguzi wa mfumo.

Siku hizo tulikuwa tunakusanya kazi ya miezi mitatu, tunaiweka kwenye flashi, tunapanda pikipiki na kwenda kufunga toleo jipya kituo kwa kituo. Kila toleo lilikuwa kama harusi, maandalizi marefu na siku yenyewe lazima kitu kiungue. Tulirudi kila mara tumekunja nyuso, tukianza kutafuta kosa katika mambo mia mbili tuliyobadilisha kwa pamoja. Siku moja alituwekea chai na kusimama hapo na birika lake.

"Hii kazi yenu mnaikamuaga lini?"

"Kila siku, mama," nikamwambia.

"Na mnaipelekaga lini?"

"Baada ya miezi mitatu."

Alicheka mpaka akakaa. "Mimi mtu akiniletea maziwa ya wiki nzima kwenye dumu moja, hata sinusi. Namrudishia. Maana ikiwa imeharibika, nitajuaje ni ya asubuhi gani?"

Tulicheka naye. Mmoja wa wenzangu alikuwa amesoma vitabuni kuhusu makampuni ya mbali yanayopeleka mabadiliko madogo madogo kila siku, na alikuwa akituhubiria jambo hilo kwa mwaka mzima bila sisi kumwelewa. Mama alitueleza kwa sentensi tatu. Wiki hiyo tukaanza. Tuliandika programu za kujaribu programu zetu, kila badiliko likapimwa kivyake kabla ya kuchanganywa na mengine, na lililopita likaenda kwa wateja kwa njia ya mtandao siku hiyohiyo. Ilituchukua zaidi ya mwaka kuizoea kazi hiyo, na tuliharibu mengi njiani. Lakini tulipoharibu tulijua ni asubuhi gani.

Na kwa kuwa programu ya kupimia haina pua, tukaamua kwamba mkono wa mwisho uwe wa mtu. Hatukuwa na mtu mwingine aliyekuwa na subira hiyo. Mama akapewa simu ya kazi, kompyuta moja, na kitufe cha kuweka alama ya kijani. Bila alama yake hakuna kilichotoka nje ya ofisi. Mfumo ulidai namba ya siri, naye akaniambia, "Nichagulie wewe, baba, mimi nitasahau." Nikamchagulia, na nikaiandika mimi mwenyewe kwa vidole vyangu.

Alivyokagua hakuna chuo kingemfundisha. Kabla ya kushika simu alipaka vidole unga wa udaga, ule wa muhogo, kwa sababu, alisema, wanawake watakaoitumia watakuwa wametoka jikoni. Alianza kuandika mauzo ya maziwa, akaacha katikati, akatoka nje kumsalimia mpita njia, akauliza na wajukuu, akarudi baada ya robo saa. Mfumo ulikuwa umemtoa nje na kufuta kila kitu. Tulijaribu kumweleza kwamba hiyo ni kwa ajili ya usalama.

"Watu wa huku hawamalizagi kitu bila kusalimiana," akasema. "Mfumo yenu haina adabu."

Tukaufundisha adabu. Tangu hapo mtu aliweza kusalimia ukoo mzima na kurudi akute kazi yake ilipo. Wateja wa Bukima, wanaopima samaki mwaloni huku mikono imelowa, walidhani tuliishi kwao muda mrefu. Hatukuwahi hata kulala Bukima.

Kosa alipoliona hakuliandika kwenye orodha ya makosa ambayo kila mtu angeisoma. Hakuwa na kifuniko cha dumu, kwa hiyo alitumia kikombe. Ukirudi mezani ukakuta kikombe chako cha chai kimefudikizwa, kitako juu, ulijua kazi yako imekataliwa. Ulimfuata kule mapokezi watu wakipungua, akakuonyesha kwa sauti ya chini, ukaenda kurekebisha. Ukimaliza, kikombe kilisimamishwa na chai ikamiminwa. Nimeona vijana wa kiume wenye shahada wakitembea kutoka chakula cha mchana wakikaza shingo kuangalia vikombe vyao kwa mbali.

Msidhani alikuwa malaika. Mtu huyu ambaye hakuwahi kumtaja mwenye kosa la kazi alizitaja ndoa zetu zote kwa undani. Alijua nani kahamia chumba cha nje na kwa nini, na aliyasema hayo kwa sauti ileile aliyoitia wauza maji. Alituhimiza tusiharakishe, ila yeye alipanda bodaboda ya yule dereva aliyeogopwa Bweri nzima kwa mwendo, eti wengine wanamchelewesha. Alipima kila kitu, lakini kwenye mpira aliamini utabiri wa mpiga debe mmoja wa stendi, ambaye sikumbuki kama aliwahi kupatia.

Na yeye mwenyewe hakukubali kupimwa. Tulipotengeneza mfumo wa zahanati, muuguzi alikuja na vifaa vyake tuvijaribu kwenye mikono yetu. Kila mtu alijitolea, presha, sukari, uzito. Mama alikumbuka ghafla kwamba maziwa yamekwisha. Alirudi muuguzi alipokwisha kuondoka. Nilimtania, nikamwambia mkaguzi anaogopa ukaguzi.

"Mimi si dumu," akasema, na siku hiyo hakunimiminia chai.

Kampuni ilikua. Nikisema ilikua kwa sababu yake, wenzangu watasema natia chumvi, na labda ni kweli. Lakini mkulima wa Bunda akilalamika saa tatu asubuhi kwamba kitufe kimejificha, saa saba kilikuwa kimeshaonekana, na habari za namna hiyo hutembea zenyewe. Kituo kimoja cha maziwa kikaleta kingine. Vikaja vyama vya wakulima wa pamba, zikaja zahanati, ikaja mialo. Tukahamia Bweri kwenye nyumba ya kupanga, kwanza sebule, halafu nyumba nzima, halafu na ya jirani. Tukafika watu thelathini. Nikaanza kualikwa Dar es Salaam kuzungumza mbele ya watu waliovaa vitambulisho shingoni. Nilisimama na michoro yenye mishale, nikaeleza tunavyopeleka kazi kidogo kidogo kila siku. Sikusema kwamba tuliipata kwenye dumu la maziwa. Nilisema "timu yetu iligundua". Niliporudi aliniuliza nimezungumza nini huko, nikamwambia mambo ya kitaalamu tu.

Nadhani ndipo nilipoanza kuoza. Lililofuata lilikuwa tunda la hapo.

Muungano mmoja wa vyama vya pamba ulitaka tuwatengenezee mfumo mpya wa mizani. Ulikuwa mkataba mkubwa kuliko yote tuliyowahi kupata. Walikuwa na sharti moja, kwamba wakulima wasione kitu chochote mpaka siku ya kufungua msimu, ili mgeni rasmi akate utepe na kila kitu kionekane kipya kwa mara moja. Nilikubali. Kwa wiki sita hatukupeleka chochote kwao, tuliweka tu.

"Baba," Mama akaniambia, "hii mnajaza wiki sita kwenye dumu moja."

"Ni mara hii tu, mama."

"Hata mtu wa kutia maji anaanzaga hivyo. Kikombe kimoja tu."

Ijumaa kabla ya ufunguzi alikuwa bado anakagua. Mtindo wake kwenye mizani ulikuwa kuchomoa waya wa mtandao katikati ya kupima, kwa sababu kule vijijini mtandao hukatika bila kuaga. Mara nyingi mfumo ulistahimili. Mara chache, akichomoa na kurudisha upesi, jina lilibadilika kuwa la mkulima mpya na kilo zikabaki za aliyetangulia. Niliporudi kutoka nje nilikuta kikombe changu kimefudikizwa. Sikumfuata, nilijifanya nina simu ya kupiga. Mchana akapigiwa simu ya msiba Butiama, mama yake mdogo amefariki. Akaja mezani kwangu amefunga khanga.

"Nakwenda kuzika. Jumatatu saa nne nitakuwa hapa. Msiguse mpaka nirudi."

Jumatatu saa nne ndiyo saa ya kukata utepe. Nilimwambia, "Pole mama, usijali."

Jumapili nilitoka kanisani nikaenda moja kwa moja ofisini. Hapakuwa na mtu. Wenzangu wawili walikuwa wameshatangulia Bunda kuandaa mizani. Kikombe kilikuwa mezani kwangu vilevile, mdomo chini. Nilikichukua, nikakiosha, nikakirudisha kabatini. Halafu nikakaa kwenye kiti chake, nikaandika namba ya siri niliyomchagulia mwenyewe, nikabonyeza alama ya kijani. Hakukuwa na aliyenilazimisha. Nilikuwa na akili zangu timamu na tumbo limeshiba.

Yaliyotokea Bunda wengi mnayajua. Utepe ulikatwa, watu wakapiga makofi, na kwa saa nzima mambo yalikwenda. Kisha mtandao ukaanza kukatika na kurudi. Mama mmoja alileta magunia sita kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mashine ikamsomea kilo za mzee aliyemtangulia, aliyeleta gunia moja. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya mizani akauliza taratibu, "Pamba yangu imeenda wapi?" Mgeni rasmi alikuwa bado amekaa. Ununuzi ukasimamishwa siku hiyo na iliyofuata, na mikokoteni iligeuzwa na mizigo yake, mingine ikirudi mbali kwenye jua lile. Wazazi wangu wamesimama kwenye foleni za namna hiyo maisha yao yote. Nilitazama mikokoteni ikigeuka na nikajua ni mkono wangu.

Jumanne mwakilishi wa muungano alikuja Bweri. Tulisimama sote sebuleni. Aliuliza swali moja, nani aliipitisha hii kazi. Kumbukumbu zikaonyeshwa ukutani, na hapo palikuwa na alama ya Mama Mapokezi, Jumapili. Watu walimgeukia. Wengine walidhani aliiweka kwa simu akiwa msibani, kwa kutojali. Yeye alitazama ukutani kwa muda, halafu akageuza shingo akatazama meza yangu, ambayo haikuwa na kikombe. Akasema, "Alama ni yangu." Akakaa.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Niliogopa mkataba, niliogopa mishahara ya watu thelathini, lakini zaidi niliogopa nyuso zile zinigeukie mimi. Nikasema tutafuatilia kwa karibu na tukio hili halitajirudia.

Mkataba haukuvunjwa. Wiki mbili baadaye Mama alisema miguu inamsumbua, anarudi nyumbani. Tukamfanyia sherehe. Nilimnunulia kitenge, nikakata keki, nikatoa hotuba ndefu kuhusu mchango wake, na nikaitoa vizuri. Alipokea kitenge kwa mikono miwili, akanishukuru. Siku ile nilijichukia kwa dhati. Kesho yake nilijichukia kidogo, na baada ya miezi nikazoea.

Kazi yake ilirithiwa na binti mmoja wa Bukima aliyekuwa amekaa naye mwaka mzima akijifunza. Ni yeye anayetushikilia mpaka leo. Mwezi uliopita tulipata mteja mwingine mkubwa, na kijana mmoja akataka tumpelekee kazi ya mwezi mzima kwa mpigo. Binti akakataa. Kijana akacheka, akasema basi ipite kwa Mama. Chumba kikacheka, nami nikacheka. Binti hakucheka. Alisimama.

"Mama hakuwahi kupitisha kitu hajakigusa na unga," alisema. "Mimi nilikuwepo. Jumapili ile alikuwa anazika, simu ya kazi alikuwa ameiacha kwenye droo yangu."

Hakuniangalia. Alikaa akaendelea na kazi. Jumamosi iliyofuata nikampigia Mama simu kwamba naja, nikapanda gari la Butiama.

Nilimkuta barazani kwake, amekaa kwenye kigoda, anamenya mihogo. Mguu mmoja ameunyoosha juu ya kigoda kingine, umefungwa bandeji safi. Pembeni yake palikuwa na madumu mawili ya majirani, maana bado watu humletea awanusie kabla ya kuuza. Amepungua mwili. Macho ni yaleyale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umenenepa."

Aliniita ndani. Mezani palikuwa na chupa ya chai, sahani ya mihogo ya kuchemsha, na vikombe viwili. Chake kilikuwa kimesimama. Changu kilikuwa kimefudikizwa. Nilijiambia ni kwa sababu ya vumbi, kila nyumba hufunika vikombe kwa sababu ya vumbi. Nikakaa.

Alinieleza habari za mguu. Kidonda kidogo kilikataa kupona, akakificha miezi, mpaka shemeji yake akamburuta hospitali. Akakutwa na sukari. "Nilikuwaga naogopa kupimwa," alisema, "nikidhani wakiniona ndio nitaugua. Kumbe nilikuwa naumwa tu, tofauti ni kwamba sikujua. Sasa nakunywa chai haina sukari, chungu kama dawa, lakini mguu umebaki." Alijimiminia kidogo, akanywa, akakunja uso. Mimi hakunimiminia.

Niliongea kuhusu mvua, kuhusu barabara ya Makutano, kuhusu watu aliowaacha ofisini. Alinijibu kila kitu.

"Mama," nikasema, "ile alama ya Jumapili niliiweka mimi."

"Najua, baba."

"Ulijua lini?"

"Jumanne ileile. Niliangalia mezani kwako, kikombe hakuna. Kikombe haijioshagi."

Nililia. Sikuona haya, hapakuwa na mtu mwingine. Alinisubiri nimalize, akiendelea kutoa mizizi kwenye muhogo kwa kidole. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile, mbele ya wote, wakati nilikuwa namwacha aungue.

"Mimi sitangazagi mwenye dumu. Nilikwambia siku ya kwanza kabisa. Nilingoja watu wapungue, uje uichukue mwenyewe." Akaweka kipande cha muhogo sahanini. "Ila na mimi nilikosea. Nilidhani utakuja wiki ileile. Kule kituoni hakuna mtu aliwahi kuacha dumu lake miaka minne."

Nikamwomba msamaha, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Halafu, nikidhani mambo yamekwisha, nikanyoosha mkono nikisimamishe kikombe changu. Akaweka kiganja chake juu ya kitako cha kikombe.

"Hiyo acha kwanza," akasema. "Hapa umeniambia mimi, na mimi nilishajua. Tenki iko Bweri."

Niliondoka bila chai. Kwetu mtu hatoki kwenye nyumba ya mzazi bila hata funda moja, na njia nzima nilihisi kama kila abiria analijua hilo. Alinisindikiza kwa macho tu, kwa sababu ya mguu. Alichosema mwisho ni nimsalimie binti wa Bukima.

Ndiyo maana nimeandika. Haya yatasomwa Jumatatu saa mbili asubuhi, sebuleni, kabla ya kazi ya kwanza ya siku kupelekwa, na nakala itakwenda kwa muungano wa pamba. Wenzangu wawili nimeshawaambia. Mmoja hajanijibu mpaka sasa. Huenda nikaambiwa niondoke, na huenda muungano nao ukaondoka, na sina la kujitetea. Naomba jambo moja tu, kwamba msemo ule ufe, na atakayeutamka aambiwe autamke kwa jina langu.

Karatasi hizi nilimpa kwanza binti wa Bukima azikague. Alizisoma mara mbili, akanirudishia, akaenda mapokezi. Baadaye kidogo nikaona amesimamisha kiti cha Mama mahali pake pa zamani, anakifuta vumbi.

Jumamosi nitapanda tena gari la Butiama. Kabla sijakaa nitatazama mezani, nione kikombe changu kimewekwaje.